Mahasimu wa Kadi za Michoro

 Jambo nililokusudia kulizungumza nanyi usiku huu ni biashara ambayo vijana huijua kupita kiasi na wazee huisikia kwa mbali, nayo ni biashara ya kadi za michoro, yaani ule ubao wenye feni unaochomekwa ndani ya kompyuta ili picha zipate kutokea kwenye kioo kwa wepesi na uzuri. Mintarafu ya biashara hii yamesemwa mengi, aghalabu kwa ulimi wa ushabiki, kila mtu akiisifu kampuni aliyoitolea fedha zake na kuibeza ile ya jirani yake. Mimi si shabiki wa yeyote kati yao. Haja yangu ni kutazama jinsi mahasimu hawa walivyopigana kwa muda wa miaka 30, nani aliangushwa na kwa silaha gani, na mnunuzi, ambaye hakushika upanga katika vita hivyo ila ndiye aliyevilipia, alipata nini na alikosa nini.

Kwanza tuijue kazi yenyewe. Picha ya mchezo wa kompyuta hujengwa kwa maelfu ya pembetatu, kisha kila nukta ya kioo hupewa rangi yake. Kioo cha kawaida cha mwaka 1996 kilikuwa na nukta 640 kwa upana na 480 kwa kimo, jumla yake nukta 307,200. Na ili jicho lidanganyike lione mwendo, nukta hizo zote sharti zipakwe upya kiasi cha mara 30 katika kila sekunde, maana yake ni rangi zaidi ya milioni 9 kabla mtu hajakupua macho mara mbili. Prosesa kuu ya kompyuta ni kama fundi mmoja bingwa, ambaye hakuna kazi asiyoiweza, lakini huzifanya moja baada ya moja. Kadi ya michoro ni jeshi la vibarua ambao kila mmoja anajua kazi ndogo tu, ila wote hushika brashi kwa wakati mmoja. Hiyo ndiyo siri yake yote, na ndiyo iliyofanya kitu kilichobuniwa kwa michezo ya vijana kije kutafutwa baadaye na madola.

Katika mwaka 1994 wahandisi waliotoka katika kampuni ya Silicon Graphics, ambayo mashine zake za kuchora zilikuwa na bei isiyofikiwa ila na vyuo vikuu, majeshi na watengenezaji wa sinema, walianzisha huko California kampuni ya 3dfx, wakiwa na azma ya kumpa mtu wa kawaida, nyumbani kwake, sehemu ya uwezo ule. Chipu yao, Voodoo Graphics, ilitoka mwaka 1996, na bahati iliwaendea mbio, kwa maana mwaka huohuo bei ya chipu za kumbukumbu ilianguka, na kadi ambayo ingekuwa ghali ikawa ya kununulika. Ilikuwa kadi yenye ajabu zake. Haikuweza kuonyesha barua wala hesabu za duka. Ilijua picha za pande tatu basi, hata mwenye kompyuta akalazimika kuibakiza kadi yake ya zamani kwa shughuli za kila siku, kisha akaziunganisha hizo mbili kwa waya mfupi nyuma ya kasha. Na mchezo ulipoanza, baadhi ya kadi hizo zilitoa mlio mdogo, tak, kuashiria kwamba kazi imehama kutoka kadi moja kwenda nyingine. Mwanzoni mwa 1997, ilipotolewa namna ya mchezo wa Quake iliyoandikwa kwa ajili ya kadi za aina hiyo, watu walioona kuta na moto na maji yake yakimeta kwa ulaini hawakukubali tena kurudi kwenye picha za zamani zenye miraba kama vigae.

Fauka ya chipu yenyewe, 3dfx ilikuwa na rasilimali nyingine iliyokuwa na thamani kubwa kuliko shaba na silikoni, nayo ni Glide, utaratibu wa maagizo ambao kwa huo watunzi wa michezo waliiamuru kadi ifanye wanalotaka. Glide ilikuwa nyepesi kujifunza na haraka katika kutenda, lakini haikutiiwa ila na kadi za 3dfx peke yake. Mtunzi aliyeandika mchezo wake kwa Glide alikuwa amekwisha kumchagulia mchezaji kadi ya kununua. Naomba msikilizaji alishike jambo hili, maana nitalirudia nitakapofika karibu na zama zetu.

Wakati 3dfx inapanda, NVIDIA ilikuwa inatafuta pa kushika. Ilianzishwa mwaka 1993 na Jensen Huang, Chris Malachowsky na Curtis Priem, na chipu yao ya kwanza, iliyouzwa mwaka 1995, ilijenga picha kwa nyuso zilizopinda badala ya pembetatu. Pengine lilikuwa wazo la werevu. Lakini Microsoft, yenye Windows ya kompyuta karibu zote, iliweka kanuni yake juu ya pembetatu, na aliyekuja na kitu kingine akajikuta sokoni peke yake. NVIDIA ilikuwa pia na mapatano ya kuitengenezea Sega ya Japani chipu ya mashine yake ya michezo, kwa njia ileile iliyokosea. Huang aliwaendea Sega akawaambia wazi kwamba chipu hiyo haifai kumalizwa, kisha, kwa ujasiri ambao sijui niuite wa nini, akaomba walipe vivyo hivyo, kwa sababu bila fedha hizo kampuni ingekufa. Shoichiro Irimajiri wa Sega akakubali, na dola milioni 5 zikatiwa ndani ya NVIDIA. Kwa fedha hizo, na baada ya kuwaachisha kazi zaidi ya nusu ya watu wake, ilitoa mwaka 1997 chipu ya Riva 128, iliyotii pembetatu na kanuni za Microsoft, nayo ikauzika.

Sega hiyohiyo ndiyo iliyoitia 3dfx jeraha la kwanza. Ilikuwa imekubaliana nayo juu ya chipu ya mashine ambayo baadaye ilikuja kuitwa Dreamcast, kisha mwaka 1997 ikageuza shauri na kuchukua chipu ya washindani wengine. 3dfx ikashtaki, wakaja wakapatana. Kampuni moja ya Japani ikawa imempa uhai hasimu mmoja na kumnyima mwingine faraja, bila shaka pasipo kukusudia kuwa kadhi wa ugomvi ule.

Lakini si Sega iliyoiua 3dfx. Nani basi? Kwa rai yangu ilijiua yenyewe, katika Desemba 1998, na nitakaa hapa kidogo kwa kuwa hapa ndipo penye kiini cha habari. Hadi wakati huo 3dfx ilitengeneza chipu tu, na kadi zilitengenezwa na wengine, kina Diamond na Creative na wenzao, ambao walinunua chipu, wakaziweka kwenye mbao zao, wakazitia katika maboksi yao ya rangi, wakazitangaza kwa fedha zao na kuzipeleka katika maduka ya dunia. Watu hao walikuwa wateja na papo hapo walikuwa wapiga mbiu. Voodoo2 ya mwaka 1998 ilipokuwa mfalme, na tajiri aliyetaka makuu aliweza kuchomeka mbili katika kompyuta moja zikagawana mistari ya picha, faida iliwafikia wote. Wakuu wa 3dfx walipoitazama faida ile waliona sehemu inayobaki mikononi mwa watengenezaji wa kadi, wakaitamani. Wakatangaza kuinunua STB, kampuni ya Texas iliyokuwa na kiwanda chake cha kadi huko Mexico, kwa bei ya takriban dola milioni 141, ili tangu hapo chipu na kadi na boksi viwe vyao.

Siku hiyo kila mteja wao mkubwa aligeuka mshindani wao. Mtu aliyekuwa akiuza kadi za Voodoo jana, leo hana chipu ya Voodoo ya kuuza, lakini bado ana kiwanda, ana wafanyakazi wa kulipwa mishahara, na ana maduka yanayongoja mzigo. Aende wapi? Alikwenda kwa NVIDIA, ambayo haikutengeneza kadi na haikutaka kutengeneza, na ambayo ilikuwa imejiwekea desturi ya kutoa chipu mpya kila baada ya miezi sita hivi. Jeshi lote la wauzaji ambalo 3dfx ilikuwa imelijenga likahamia upande wa pili pamoja na silaha zake, na 3dfx ikabaki na kiwanda kimoja cha kukilisha.

Baada ya hapo makosa yalifuatana kama kawaida ya makosa. Voodoo3 ya mwaka 1999 ilikuwa na mwendo mzuri, ila ilipaka picha za pande tatu kwa rangi 65,536, ilhali kadi za NVIDIA ziliweza kupaka kwa zaidi ya milioni 16. 3dfx ikasema kwamba jicho la mchezaji halioni tofauti, na mchezaji hakupenda kuambiwa jicho lake linaona nini. Mwishoni mwa mwaka huo NVIDIA ikatoa GeForce 256, iliyofanya yenyewe hesabu za mahali pa pembetatu na za mwanga, kazi ambayo zamani iliielemea prosesa kuu. Jawabu la 3dfx, Voodoo5, lilichelewa hadi 2000, na lilipofika lilikuwa na chipu mbili katika ubao mmoja na halikuwa na uwezo ule. Kubwa lao, lenye chipu nne na lililohitaji kulishwa umeme kutoka nje ya kompyuta, halikuingia sokoni kamwe. Tarehe 15 Desemba 2000 ilitangazwa kwamba mali ya maarifa ya 3dfx itauzwa kwa NVIDIA kwa dola milioni 70 taslimu na hisa milioni 1. Miaka miwili tu ilikuwa imepita tangu kutangazwa ununuzi wa STB, uliogharimu mara mbili ya fedha hizo taslimu.

Mtu angedhani sasa NVIDIA imebaki peke yake, na pengine wenyewe walidhani hivyo. Kaskazini, huko Markham karibu na Toronto, Kanada, ilikuwapo ATI, kampuni iliyoasisiwa mwaka 1985 na kina Kwok Yuen Ho, ambayo kwa miaka mingi iliheshimiwa kwa kadi za ofisini na kudharauliwa kwa michezo. Mwaka 2000 iliinunua ArtX, kampuni ndogo yenye wahandisi waliotoka, kama wale wa 3dfx, katika Silicon Graphics, na Agosti 2002 ikatoa Radeon 9700 Pro, kadi iliyompita mshindani kwa umbali ambao haukuhitaji darubini. NVIDIA ilijibu mwanzoni mwa 2003 kwa GeForce FX 5800 Ultra, ambayo ilikumbukwa zaidi kwa kelele za feni yake kuliko kwa picha zake. Kelele hizo zilivuma kiasi kwamba wafanyakazi wake wenyewe walitengeneza filamu fupi ya mzaha inayoonyesha kadi ile ikipuliza majani ya bustani. Nawasifu kwa hilo. Si kila tajiri anaweza kuicheka bidhaa yake.

Pamoja na mapigano ya haki yalikuwapo na ya hila, na sitastahili imani yenu nikiyafunika. Mwaka 2001 wachunguzi wa kadi ya ATI iitwayo Radeon 8500 walishuku mwendo wake katika mchezo wa Quake III. Wakalifungua faili la mchezo, wakabadilisha jina lake kutoka quake kuwa quack, wasiguse kitu kingine. Na mara mwendo ukapungua na picha zikawa safi zaidi. Ilibainika kwamba kiendeshi, yaani ile programu inayoisimamia kadi, kilikuwa kikilitafuta jina la mchezo huo ambao kila mpimaji aliutumia, na kikilikuta, kilipunguza uzuri wa picha kwa siri ili hesabu ya mwendo ipande. Asidhani mtu kwamba upande wa pili ulikuwa na mikono safi. Mwaka 2003 kampuni ya Futuremark, watunzi wa programu ya kupimia kadi iitwayo 3DMark, ilieleza kwamba kiendeshi cha NVIDIA kilijua njia ambayo kamera itapita katika jaribio lao, kwa hiyo hakikujisumbua kuchora mahali ambapo kamera haitageukia. Hila hizo zilipozibwa, alama za kadi yao ya juu zilishuka kwa zaidi ya asilimia 20. ATI nayo ilikutwa na yake katika uchunguzi uleule, ingawa ndogo. Baada ya siku chache Futuremark na NVIDIA walitoa tamko la pamoja wakaacha kuliita jambo hilo udanganyifu. Mimi sikuwamo katika tamko lile, basi naliita udanganyifu.

Mwaka 2006 AMD, watengenezaji wa prosesa, waliinunua ATI kwa takriban dola bilioni 5.4, wakakopa bilioni 2.5 ili kutimiza malipo, na deni hilo likawa mzigo uliowainamisha kwa miaka. Hata hivyo katika 2008, huku wakitota, walifanya tendo ambalo kila mnunuzi angepaswa kulikumbuka. Juni ya mwaka huo NVIDIA ilitoa GeForce GTX 280 kwa dola 649 na mdogo wake GTX 260 kwa dola 399. Siku chache baadaye AMD ikaleta Radeon HD 4870, iliyoweza kumkabili yule mdogo na mara nyingine kumshinda, kwa dola 299. Hazikupita wiki nyingi, ile ya 649 ikashuka hadi 499, na ile ya 399 ikashuka hadi 299. Chipu ilikuwa ileile, feni ileile, na gharama za kiwandani hazikubadilika kwa siku chache zile. Kilichobadilika ni kwamba jirani alifungua duka mlango wa pili.

Deni halikusamehe. Januari 2009 AMD iliiuzia Qualcomm maarifa yake ya michoro ya simu kwa dola milioni 65, na kizazi cha maarifa hayo ndicho kinachochora picha leo katika mamilioni ya simu zenye chipu za Snapdragon, zikiwamo nyingi ambazo nyinyi mnaonisikiliza, Unguja na Bujumbura na Maskati, mmezishika mkononi sasa hivi. Kwa fedha za leo ile bei ni kama sadaka.

Katika miaka hiyohiyo NVIDIA ilikuwa inafanya jambo ambalo wenye hisa wake hawakulipenda. Iliona kwamba wale vibarua wanaopaka rangi wanaweza kupewa hesabu za aina nyingine, za hali ya hewa, za tiba, za mafuta. Ikatunga CUDA, utaratibu wa maagizo wa kuwaamuru katika kazi hizo, ikautangaza mwaka 2006, na ikautia katika kadi zake zote, hata za mtoto wa shule, akitaka asitake. Uliongeza gharama, na kwa muda mrefu haukuleta faida ya kujivunia. Kisha mwaka 2012 Alex Krizhevsky, Ilya Sutskever na Geoffrey Hinton wa Chuo Kikuu cha Toronto waliifundisha programu kutambua vitu katika picha, kwa kutumia kadi mbili za michezo za GeForce GTX 580, zenye kumbukumbu ya gigabaiti 3 kila moja, kazi iliyochukua siku tano hadi sita. Wakawaacha nyuma washindani wao wote, na mlango wa akili mnemba ya leo ukafunguka. Toronto, nasema, mji ulio jirani na ATI, lakini wanavyuoni wake walifanya kazi kwa kadi za hasimu, kwa sababu CUDA ilikuwapo na upande wa pili haukuwa na kitu cha kulingana nayo. ROCm ya AMD ilikuja mwaka 2016.

Mnaikumbuka Glide? CUDA nayo haitiiwi ila na kadi za bwana wake. Lakini NVIDIA haikuwafukuza wauzaji wake ilipokuwa inaijenga, wala haikuacha kufuata kanuni za pamoja katika michezo. Iliuweka mlango wake wa pekee mahali ambapo hapakuwa na mlango mwingine, ikangoja. Walioingia, watunzi wa programu wa vyuo na viwanda, wameandika kwa miaka mingi kiasi kwamba kutoka ni ghali kuliko kubaki. Juni 2024 NVIDIA ilipita thamani ya kila kampuni duniani, ikazidi dola trilioni 3.

Kuna vichekesho katika habari hii pia. Watu husema fahali wawili hawakai zizi moja, kumbe chipu kuu za GeForce na za Radeon za leo zote zinatoka katika viwanda vya TSMC, vya Taiwan. Na Jensen Huang, mkuu wa NVIDIA, na Lisa Su, anayeiongoza AMD tangu 2014, wote wawili ni wazaliwa wa kisiwa hichohicho, na tena wana udugu wa damu.

Hali ya mnunuzi wa kadi sasa si ya 2008. Wachimbaji wa sarafu za mtandaoni walizikomba kadi madukani katika 2020 na 2021, hata bei iliyoandikwa ikawa hadithi. Hao walipopungua wakaja wenye akili mnemba, wanaonunua kwa maelfu. AMD ilisema mwaka 2024 kwamba haitashindania kadi za daraja la juu kabisa katika kizazi kinachofuata, na Januari 2025 kadi ya juu ya NVIDIA, RTX 5090, ikatangazwa kwa dola 1,999. Katika daraja la kati, ambako AMD bado inasimama na Intel imeingia tangu 2022 kwa kadi zake za Arc, bei zinagusika. Sihitaji kuwachorea mstari kutoka jambo moja hadi jingine.

Basi anayetaka kununua naomba anisikilize kwa haya machache. Usiamini mchoro wa mwendo uliochapwa na mtengenezaji, soma kipimo cha mtu asiyemuuzia, aliyeipima kadi kwa programu ile unayoitumia wewe. Ikiwa kazi yako inaidai CUDA, huna hiari, lipa. Ikiwa haiidai, itazame kwanza kadi ya mshindani, uilinganishe kwa bei, na ikikufaa, inunue hiyo.